Kirusi kipya kimetoka wapi? Njia nne za kukisaka, na ipi imfae nani hapa Tanga

Barazani pa kahawa Ngamiani, homa ngeni ikitangazwa redioni, iwe ya Kagera au ya Uchina, mazungumzo hayakawii kufika kwenye asili yake: gonjwa hili limetoka wapi? Kila mmoja ana jibu lake. Popo. Nyani. Ngamia. Maabara. Swali hilohilo linawafika pia watu wanaotakiwa kulifanyia kazi: ofisa afya wa halmashauri anayeandika mpango wa dharura, mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada, mtaalamu wa maabara aliyepewa fungu la kupima kitu kimoja tu, mwandishi wa habari asiyejua amwamini nani. Wote wanakwama mahali pamoja: njia zipo kadhaa, fedha ni za njia moja.

Njia zenyewe ni nne. Unaweza kuwafuata wagonjwa wa mwanzo. Unaweza kupima wanyama. Unaweza kusoma vinasaba vya kirusi chenyewe. Na unaweza kufukua sampuli za zamani zilizolala kwenye majokofu. Mimi natokea upande wa mifugo, kwa hiyo msomaji anichunge nikianza kuwapendelea wanyama.

Ila kabla ya kuchagua njia yoyote, hakikisha unachokisaka ni kirusi. Julai 2022, wilayani Ruangwa mkoani Lindi, watu waliugua homa, wakatokwa damu puani, wengine wakaanguka. Hofu ya kwanza ilikuwa Ebola au Marburg. Majibu ya maabara yakaja hasi kwa vyote viwili, na mwisho ikabainika ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria anayetoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine. Sisi wa Tanga tulipaswa kuwa wa mwisho kushangaa, maana Lushoto ilihangaika na tauni tangu 1980, na tauni nayo ni bakteria, wa panya na viroboto. Aliyekwenda Ruangwa na nyavu za popo angerudi na popo.

Vigezo vya kulinganisha

Nitazipima njia zote kwa mambo matano: zinajibu swali lipi, ushahidi wake unadumu muda gani, gharama na vibali vyake, zinapotoshea wapi, na zinamfaa nani.

Kwenye lile la swali, tuelewane mapema, kwa sababu asili ya kirusi si jambo moja. Kuna mnyama ambamo kirusi huishi miaka nenda miaka rudi bila kumsumbua sana. Kuna mnyama wa kati, anayekipokea na kukisogeza kwa watu, ambaye mara nyingine hayupo kabisa. Na kuna mtu wa kwanza, na mahali na wiki aliyoambukizwa. Ugonjwa wa mapafu wa SARS ulianza kwa watu mkoani Guangdong, Uchina, Novemba 2002; fungo wa sokoni wakakutwa na kirusi mwaka 2003; popo wakatajwa 2005. Majibu matatu, na yote ni sahihi. Mabishano mengi ya barazani ni watu wawili wanaojibu maswali mawili tofauti wakidhani ni moja.

Kati ya vigezo vyote, mimi nakipa uzito cha muda. Fungu lililokosekana mwaka huu linaweza kutoka mwaka ujao. Kumbukumbu ya marehemu haitoki tena, na mnyama aliyeuzwa sokoni jana leo ni supu.

Njia ya kwanza: kuwafuata wagonjwa

Hii ni kazi ya daftari, kalamu na viatu. Unamtafuta aliyeugua mwanzo, unauliza alikula nini, alichinja nini, alilala wapi, alimuuguza nani, alikwenda msiba gani. Inajibu swali la mlango: kirusi kiliingia kwa watu wapi, lini, na kwa kitendo gani. Kilikuwa kikiishi wapi kabla ya hapo, haijibu.

Ukitaka kuona nguvu yake, tazama Malaysia mwaka 1998 na 1999. Watu waliokuwa wakifuga nguruwe walipata homa kali ya ubongo, na wakubwa wakaamua haraka kwamba ni homa ya ubongo ya Kijapani, inayoenezwa na mbu. Chanjo ikatolewa, dawa ya mbu ikapulizwa, watu wakaendelea kufa. Lakini orodha ya wagonjwa ilikuwa ikisema jambo lingine kwa yeyote aliyeisoma. Homa ya Kijapani hupenda watoto. Hawa walikuwa wanaume wazima wanaoshika nguruwe kwa mikono, na baadhi walikwisha kuchanjwa. Majirani Waislamu, wanaoumwa na mbu walewale lakini hawafugi nguruwe, hawakuwa wakiugua kama wao. Machi 1999 Kaw Bing Chua wa Chuo Kikuu cha Malaya akakipata kirusi kisichojulikana, kikaitwa Nipah. Chanzo kikaja kuonekana ni popo wakubwa wa matunda, waliokula kwenye miti iliyopandwa kando ya mabanda na kudondosha mabaki humo ndani. Watu zaidi ya 100 walikuwa wamekwisha kufa, na nguruwe zaidi ya milioni moja wakauawa.

Bangladesh kirusi hichohicho kilipoanza kuonekana mwaka 2001, hapakuwa na nguruwe katikati. Mahojiano ya nyumba kwa nyumba yakaelekeza kwenye utomvu mbichi wa mtende, unaogemwa usiku na kunywewa asubuhi. Kamera za usiku zikawanasa popo wakilamba palepale utomvu unapochuruzikia chunguni. Kinga iliyojaribiwa ni rahisi: wagema wafunike mahali hapo kwa kizuizi cha mianzi. Mgema wa mnazi wa Pangani ukimsimulia kisa hiki ataelewa kabla hujamaliza. Sisemi tembo letu lina kirusi. Nasema mhoji asiyejua tembo hugemwa saa ngapi na chombo huachwa wazi muda gani, hatauliza swali lenye faida.

Ndiyo maana njia hii inategemea mtu kuliko mashine. Mkinga mwulize mzee kwa Kidigo, Lushoto kwa Kisambaa, Handeni kwa Kizigua. Usianze na "Je, ulikula nyama ya porini?" kwa sababu jibu ni hapana hata kama mfupa uko nyuma ya jiko, kuwinda bila kibali ni kosa na kila mtu anajua. Anza na siku. Jumatatu uliamkia wapi? Shamba lako liko upande gani? Nani alileta kitoweo wiki ile? Mwache aongee. Mara nyingi jambo muhimu hutoka anapokusindikiza mlangoni.

Kwa muda, hii ndiyo njia inayooza upesi kuliko zote. Mwaka 2014 watafiti walifika kijiji cha Meliandou nchini Guinea, alikofariki mtoto wa miaka kama miwili Desemba 2013, mwanzo wa mlipuko mkubwa wa Ebola wa Afrika Magharibi. Karibu na kwao kulikuwa na mti wenye pango ambamo watoto walizoea kucheza, na popo wanaokula wadudu walikuwa humo. Watafiti walifika Aprili. Mti ulikuwa umeungua Machi. Udongo ulitoa vinasaba vya popo wa aina hiyo, lakini Ebola haikupatikana kwa popo waliokamatwa na kupimwa, na kisa kikabaki kwenye "huenda".

Gharama ni ndogo: mafuta ya pikipiki, posho, vocha. Mlipuko ukiwa unaendelea, uchunguzi wa namna hii hufanywa chini ya mamlaka ya afya. Ukitaka kuufanya utafiti wa kuchapisha, lazima upitie kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba.

Inapopotosha ni kwenye kuchagua nani wa kumhoji. Wuhan, Uchina, Desemba 2019, wagonjwa wengi wa mwanzo wa UVIKO-19 walihusiana na soko la Huanan. Wapinzani wakauliza, kwa haki kabisa: je, si kwa sababu madaktari walikuwa wakiwatafuta watu wa sokoni? Waliochora ramani ya makazi wakajibu kwamba hata wagonjwa wasio na uhusiano wowote na soko walikuwa wakiishi kulizunguka. Unaweza kukubali jibu hilo au kulitilia shaka, lakini ona kwamba lilipatikana kwa kuwa mtu fulani aliandika anwani za wasiohusika. Daftari lenye watu wa upande mmoja tu halina cha kujibu.

Inawafaa halmashauri, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi wa zahanati, na mtafiti mwenye lugha na subira kuliko fedha.

Njia ya pili: kupima wanyama

Hapa unauliza kirusi kinaishi ndani ya nani. Ndiyo njia inayopigwa picha zaidi, na ndiyo inayomeza fedha.

Picha yake kwa Tanga ingekuwa hivi. Kabla ya magharibi mnatandika nyavu laini mbele ya mdomo wa pango, tuseme Amboni, kwa ruhusa ya wenye kulisimamia. Popo wanatoka giza linapoingia. Aliyenasa anang'ata, kwa hiyo glavu ya ngozi inavaliwa juu ya ya mpira, na kila anayeshika popo awe ameshachanjwa kichaa cha mbwa. Anatiwa kwenye mfuko wa kitambaa, anapimwa uzito na urefu wa mfupa wa bawa, kijiti cha pamba kinapitishwa mdomoni na kingine kwenye njia ya haja kubwa, tone la damu linachukuliwa, kisha anaachiwa. Vichupa vinaingia kwenye nitrojeni ya maji palepale. Nitrojeni ikiisha barabarani, mmefanya utalii.

Matokeo yana ngazi tatu, na ukisoma habari za popo usiache kuuliza ni ngazi ipi. Kingamwili, yaani protini za kinga zinazobaki damuni, huonyesha kwamba mnyama amewahi kukutana na kirusi au ndugu yake. Vipande vya vinasaba huonyesha kwamba kirusi kimo, au kilipita karibuni. Kirusi hai kilichooteshwa maabara ndicho kinachofunga mjadala. Marburg ilijulikana mwaka 1967, wafanyakazi wa maabara huko Marburg, Frankfurt na Belgrade walipougua kutokana na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Kirusi hai kutoka kwa popo kilitangazwa 2009, kutoka mgodi wa Kitaka, Uganda: miaka 42. Ebola imejulikana tangu 1976 na popo wametoa kingamwili na vipande. Kirusi hai cha Ebola hakijapatikana kwa popo hata mmoja.

Muda una sura mbili. Popo wa pangoni watakuwepo mwakani, hivyo si lazima ukimbie. Lakini kirusi hakimo ndani yao sawasawa mwaka mzima. Kwa Marburg, maambukizi hupanda popo wachanga wanapofikisha karibu miezi sita, na huzaa kwa misimu miwili kwa mwaka. Ukienda mwezi usio wake utarudi na majibu hasi yasiyo na maana. Wanyama wa sokoni au wa zizini ni habari nyingine kabisa. Hao huuzwa, huchinjwa au hufichwa ndani ya siku. Soko la Huanan lilifungwa tarehe 1 Januari 2020 na wanyama hai wa porini walikuwa wameshaondolewa. Kilichobaki kusuguliwa ni sakafu, vizimba na mifereji. Humo vikapatikana vinasaba vya kirusi na vya mbwa-rakuni, mnyama wa porini wa Asia, mahali pamoja, jambo linaloonyesha kwamba mnyama alikuwepo, bila kuthibitisha kwamba aliambukizwa.

Vibali ni vingi. Wanyamapori lazima upitie TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, misitu ya hifadhi kama Amani ina wenyewe, mifugo ina idara yake, mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na sampuli ikivuka mpaka inadai mkataba wake. Mwanafunzi anayesema ataanza mwezi ujao hajawahi kuvifuatilia.

Inapotosha kwa namna mbili. Kwanza, mnyama uliyemkuta na kirusi anaweza kuwa naye ni mwathirika tu. Fungo wa masoko ya Guangdong walikuwa na kirusi cha SARS, lakini popo ndio waliokuja kuonekana chanzo. Na mwaka 2017, baada ya miaka mitano ya kurudi pango lilelile Yunnan, Uchina, vipande vyote vya kukijenga kirusi cha SARS vikapatikana kwa popo wa pango moja, vimetawanyika kwa virusi tofauti. Pili, unapata unachokipima. Ukikamata popo tu, jawabu lako litakuwa popo. Kirusi cha MERS, homa ya mapafu ya Mashariki ya Kati, kilipogunduliwa Jeddah mwaka 2012 wengi walitazama popo, hadi mwaka 2013 ngamia 50 wa Oman walipopimwa na wote 50 wakakutwa na kingamwili.

Na kuna hatari ambayo siyo ya kisayansi. Ukishatangaza "popo," kuna atakayebeba matairi na petroli kwenda pangoni. Kitaka walifanya kitu kama hicho: baada ya mlipuko wa 2007, popo zaidi ya 100,000 waliokuwa mgodini waliuawa au kufukuzwa. Popo wakarudi kidogo kidogo. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena jirani na hapo, na waliopima mgodini wakakuta popo 13 katika kila 100 wana maambukizi, wakati kabla ya mauaji walikuwa 5. Mwenye mpango wa kupima wanyama Amboni au kwingine aandike humo humo atawaambia nini wanakijiji, kabla hajawaambia waandishi.

Inaifaa timu yenye daktari wa mifugo, mtu wa wanyamapori na maabara nyuma yao, na mfadhili asiyedai jibu kwa msimu mmoja.

Njia ya tatu: kusoma vinasaba vya kirusi

Kirusi kinaponakiliwa hukosea herufi hapa na pale, na makosa hayo hurithiwa. Ukilinganisha makosa ya virusi vingi unaweza kuchora ukoo, na ukijua mwendo wa makosa unaweza kukisia mlipuko ulianza lini, na kama kirusi kiliingia kwa watu mara moja au mara kadhaa. Mnyama hakutajii, mpaka uwe na kirusi cha mnyama cha kulinganisha nacho.

Mfano ninaoupenda ni wa Guinea, 2021. Ebola ilizuka tena, na kila mtu akageukia msitu na popo. Vinasaba viliposomwa vikakutwa karibu sawa na vya mlipuko wa 2014 hadi 2016. Kingekuwa kimezunguka kwa wanyama au watu miaka yote hiyo, makosa yangekuwa mengi zaidi. Maelezo yaliyobaki ni kwamba kirusi kilijificha mwilini mwa mtu aliyepona, kikatoka miaka kama mitano baadaye. Nyavu zote za Guinea zisingeligundua hilo.

Kwa muda, njia hii ina nafuu. Sampuli ikihifadhiwa vizuri inasomeka baada ya miaka, na siku hizi kuna vifaa vya kusomea vinavyokaa kiganjani. Kimojawapo, MinION, kilitumika Guinea mwaka 2015 katikati ya mlipuko. Gharama iko kwenye kemikali zinazoagizwa nje na zinazoisha muda wake bandarini, na kwenye mtu wa kuchambua majibu. Mashine bila mchambuzi ni pambo la maabara.

Upotoshaji wake ni wa asilimia. Kirusi cha UVIKO-19 kina herufi karibu 30,000. Ndugu aliyepatikana kwa popo wa Yunnan, RaTG13, anafanana nacho kwa asilimia 96. Wa Laos, BANAL-52, kwa asilimia 96.8. Msomaji anaona 96 anasema "ndiyo huyo huyo." Asilimia 3 au 4 zilizobaki ni herufi karibu 1,000, yaani miongo ya kuachana. Isitoshe, virusi vya jamii hii hubadilishana vipande, kwa hiyo kipande hiki cha kirusi kinaweza kuwa na babu mmoja na kile kingine babu tofauti.

Inamfaa mwenye maabara, au mwenye rafiki wa kweli kwenye maabara. Pia inamfaa mwanafunzi asiye na fedha ya safari kabisa, kwa sababu vinasaba vingi vimewekwa wazi kwenye hifadhi za kimataifa, na kompyuta ya kawaida yenye intaneti inatosha kuanzia.

Njia ya nne: kufukua majokofu

Watu hawaipi heshima yake. Unachukua damu au tishu zilizokusanywa kwa kazi nyingine, miaka kabla ya mlipuko, unauliza: je, kirusi kilikuwepo tayari? Inajibu swali la "tangu lini," na mara nyingine "hadi wapi."

Damu ya ngamia wa Somalia na Sudan iliyohifadhiwa tangu 1983 ilikutwa na kingamwili za MERS, miaka karibu 30 kabla ya mgonjwa wa kwanza kujulikana. Damu ya mtu wa Kinshasa ya mwaka 1959 na tishu ya mwingine ya 1960 zilitoa vinasaba vya Virusi vya UKIMWI. Kwa kuvilinganisha, watafiti wakakadiria mwaka 2008 kwamba kirusi kilianza kuenea kwa watu karibu na 1908, kati ya 1884 na 1924. Kinyesi cha sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun ndicho kilichokuwa kimeonyesha kilitoka wapi.

Tanga ina utajiri wa aina hii. Korogwe na Muheza zimekuwa uwanja wa utafiti wa malaria kwa miongo mingi. Korogwe, kama Bagamoyo, ilikuwa kituo cha majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S. Palipo na utafiti wa muda mrefu kuna majokofu. Gharama ya kukusanya ilishalipwa na mwingine. Wewe unalipia kipimo. Kikwazo ni ridhaa: mama aliyetoa damu ya mwanawe kwa ajili ya malaria aliridhia malaria. Fomu zisomwe upya, kamati ya maadili iulizwe, na ikikataa, imekataa.

Inapopotosha ni kwenye kingamwili zinazofanana. Dengue, Zika na homa ya manjano ni ndugu, na kipimo cha bei nafuu huwachanganya. Mkoa uliopitiwa na dengue mwaka 2019, na wenye wasafiri waliochanjwa homa ya manjano, utatoa majibu chanya ya uongo usipotumia kipimo cha pili cha kuthibitisha. Na jokofu lililokatikiwa umeme likarudi haliandiki popote kwamba lilikatikiwa. Ulizia kitabu cha joto kabla ya kuulizia orodha ya sampuli.

Inamfaa mwanafunzi mwenye mwaka mmoja, na taasisi yenye kumbukumbu zilizopangwa.

Zinapokutana

Hakuna asili ya kirusi iliyofungwa kwa njia moja. Na njia zote nne zikitumika bado jibu linaweza kugoma. Kamati ya WHO ya kuchunguza asili ya virusi ilitoa ripoti Juni 2025 kuhusu UVIKO-19: ushahidi uliopo unaelemea kwenye kirusi kutoka kwa wanyama, ama moja kwa moja kwa popo au kupitia mnyama wa kati, lakini suala la maabara halikuweza kuchunguzwa wala kufutwa, kwa kuwa taarifa zilizoombwa Uchina hazikutolewa. Mtu anaweza kuichukia sentensi hiyo kwa pande zote mbili. Mimi naiona ni sentensi ya kikazi: inasema kilichopo na kinachokosekana.

Uchague ipi?

Ukiwa halmashauri na homa imezuka wiki hii, anza na wagonjwa, na siku hiyohiyo mtume daktari wa mifugo akachukue sampuli za wanyama wanaoweza kutoweka: wa sokoni, wa machinjioni, wa zizi la mgonjwa. Popo wasubiri. Vichupa viwe viwili kwa kila sampuli, kimoja kipelekwe maabara ya taifa, kingine kibaki.

Ukiwa Horohoro au kituo kingine cha mpakani, kazi yako kubwa ni tarehe na njia aliyopita mgonjwa. Hiyo ndiyo itakayowaambia wasomaji wa vinasaba kama kirusi kimevuka kutoka upande wa pili au kimeanzia huku.

Mwanafunzi mwenye mwaka mmoja na fedha kiduchu achague kati ya majokofu na vinasaba vilivyo wazi. Kama unapenda kuongea na watu kuliko kukaa na kompyuta, fanya mahojiano juu ya tabia zinazowakutanisha watu na wanyama, kama ugemaji, uchimbaji wa samadi ya popo au uchinjaji wa nyumbani, hata kama hakuna mlipuko. Kazi hiyo ifanyike kabla, maana siku ya mlipuko hakuna anayesema kweli. Wanyama waachie mradi wa miaka mitatu.

Ukiwa na maabara lakini huna watu wa kwenda vijijini, usinunue mashine ya pili. Tafuta makubaliano na wilaya mbili tatu kuhusu nani analeta sampuli, kwa baridi gani, na majibu yanarudi kwake baada ya muda gani. Zahanati isiyorudishiwa majibu mara ya kwanza haitumi tena.

Ukiwa mwandishi wa habari na umeitwa kwenye mkutano ambapo mtu anatangaza chanzo kimepatikana, muulize haya: ni kingamwili, ni vipande, au ni kirusi hai? Sampuli zilichukuliwa mwezi gani, na wanyama gani wengine walipimwa wakakutwa safi? Wagonjwa wasiohusiana na mahali hapo walitafutwa? Na wanakijiji wa jirani na pango wameshaambiwa, au watasoma kwako?